Furukombe wa ziwani: mbona wanaomfuatilia wanahesabu kwanza vifaranga

Mwenye kuishi kando ya ziwa anamjua, hata kama hajui jina lake. Asubuhi mapema, wakati mitumbwi ya wavuvi wa usiku inarudi Kalundu, inasikika sauti ya juu, ya kukatika-katika, sawa vile mtu anacheka kwa mbali. Kiisha mwingine anajibu. Huyo ni furukombe, tai mla-samaki. Kichwa, kifua na mkia ni vyeupe, tumbo ni la rangi ya udongo mwekundu, mabawa ni meusi. Jike ndiye mkubwa: anaweza kupita kilo 3, na akifungua mabawa yanazidi mita 2. Ndiye yuko kwenye bendera ya Zambia, nchi ambayo tunagawana nayo maji haya haya ya Tanganyika.

Wengi wanamchanganya na mwewe. Mwewe ni mwembamba, mkia wake una panda, na kazi yake anaijua kila mama anayeanika ndakala. Furukombe hashughuliki na ndakala wa kwenye mchanga. Anakaa juu ya mti mrefu, anatazama maji, kiisha anashuka mara moja na kunyakua samaki aliye karibu na juu. Mara nyingi samaki huyo hafiki kilo moja. Akikamata mzito kupita nguvu zake, anamburuta juu ya maji mpaka ufukweni.

Sasa swali ambalo makala hii inataka kujibu ni hili: tukiwaona furukombe kila siku, je, tunaweza kusema wako salama? Jibu la watu waliofanya kazi hii miaka mingi ni hapana. Furukombe anaishi muda mrefu na hahami ovyo. Jozi moja inashika sehemu yake ya ufukwe, inakaa hapo mwaka hadi mwaka, inalia asubuhi na mangaribi, na inaongeza vijiti kwenye kiota kile kile. Inaweza kufanya hayo yote miaka kumi bila kutoa mtoto hata mmoja. Wewe unayepita na mtumbwi utaona ndege wawili kama jana na juzi, utasema mambo ni sawa. Kumbe unatazama wazee. Siku watakapokufa, hakuna wa kuchukua nafasi yao, na utashangaa mbona wamekwisha kwa ghafla.

Mtu mmoja aliliona jambo hili waziwazi kuliko wengi, na haikuwa huku kwetu. Charles Broley alikuwa mfanyakazi wa benki kule Kanada. Alipostaafu, mwaka 1939, alianza kupanda miti ya pwani ya magharibi ya Florida, Marekani, kwa kamba na ngazi, akivisha pete miguuni mwa vifaranga wa tai mwenye kichwa cheupe. Tai huyo ni ndugu wa karibu wa furukombe: naye anakula samaki, naye anajenga kiota kikubwa juu ya mti, naye anaishi kando ya maji. Katika miaka kumi ya kwanza Broley alivisha pete vifaranga karibu 1,000. Kiisha, kuanzia 1947, mambo yakageuka. Viota vilikuwepo, ndege wakubwa walikuwepo, lakini vifaranga walizidi kupungua.

Hesabu yake ya mwaka 1957 inafaa kusomwa polepole. Viota 43 vilikuwa na ndege. Katika hivyo, 7 tu ndivyo vilitoa vifaranga, na wote pamoja walikuwa 8. Viota 23 vilikuwa na mayai ambayo hayakuanguliwa. Vilivyobaki 13 havikuwa na yai lolote. Ndege walikuwa wanavitumia kama meza ya kulia samaki. Mtu aliyehesabu viota vyenye ndege angeandika 43 na kwenda kulala. Mwaka uliofuata Broley alizunguka zaidi ya maili 100 za pwani akapata kifaranga mmoja wa kuvisha pete, na ndege wakubwa akawaona kwenye viota 10 tu. Wazee walikuwa wameanza kuondoka.

Sababu ilikuja kujulikana baadaye. Ilikuwa DDT, dawa ya kuua wadudu. Dawa hiyo ikiingia majini inakaa ndani ya mafuta ya viumbe: mdudu anapata kidogo, samaki mdogo anakula wadudu wengi, samaki mkubwa anakula wadogo wengi, na tai anayekula samaki wakubwa anabeba mzigo wa wote. Haimuui pale pale. Inafanya maganda ya mayai yake yawe membamba, hata jike akiyalalia yanavunjika. Mwaka 1967 mtafiti Mwingereza Derek Ratcliffe alipima maganda ya mayai ya kozi yaliyokusanywa miaka mingi, akaonyesha kwamba wembamba ulianza mara baada ya vita kuu ya pili, wakati ule ule dawa hizi zilipoanza kutumika. Marekani ilikataza DDT mwaka 1972. Mwaka 1963 katika majimbo yake, ukiacha Alaska, zilijulikana jozi 417 tu za tai mwenye kichwa cheupe. Mwaka 2007, alipotolewa kwenye orodha ya wanyama walio hatarini, zilikuwa zinapita 9,000.

Hiyo siyo hadithi ya mbali sana na sisi. Kando ya Ziwa Kariba, upande wa Zimbabwe, DDT ilipulizwa miaka mingi kwa ajili ya kumaliza mbung'o, na mwaka 1992 uchunguzi uliochapishwa ulikuwa ukizungumzia mayai ya furukombe wa kule, ndege yule yule tunayemsikia huku. Na katika Ziwa Tanganyika lenyewe, tangu 1976 vilichapishwa vipimo vya dawa za jamii hiyo ndani ya samaki. Bonde la Ruzizi limelimwa pamba tangu wakati wa Wabelgiji, na mashamba ya bonde, ya upande wetu na ya upande wa Burundi, yote yanamwaga maji yake mahali pamoja. Mkataba wa Stockholm wa 2001 umefunga matumizi ya DDT, isipokuwa kwa kupambana na wadudu waenezao magonjwa kama malaria. Lakini dawa za shambani ni nyingi, na chupa tupu iliyotupwa kwenye mtaro haijali mkataba.

Kesi iliyo karibu zaidi nasi ni ya Ziwa Naivasha, Kenya. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, Leslie Brown, mtaalamu wa ndege wala-nyama aliyeishi Kenya, alifuatilia furukombe wa ziwa lile pamoja na mwenzake Hopcraft. Naivasha ilikuwa moja ya sehemu zenye furukombe wengi kabisa, jozi zimepangana kwenye miti ya ufukweni kama nyumba za avenue. Hata hivyo waliona kwamba si kila jozi inataga kila mwaka. Hilo tulikumbuke, juu linabadilisha namna ya kusoma hesabu: jozi ikipumzika mwaka mmoja si lazima kuna ubaya.

Katika miaka ya 1990 mambo ya Naivasha yaliharibika. Kamba wa kigeni mwenye asili ya Marekani, aliyeletwa mwaka 1970, alikuwa amekula majani ya chini ya maji, na pamoja na majani hayo samaki na ndege wa majini wakateseka. Mashamba ya maua yakazunguka ziwa, watu wakaongezeka, uvuvi ukazidi. Timu ya David Harper wa Chuo Kikuu cha Leicester iliwakuta furukombe wamepungua na kuzaana kwao kumedhoofika. Baadaye idadi ikapanda tena. Mwaka 2001 serikali ya Kenya ilifunga uvuvi wa Naivasha kwa mwaka mmoja. Siwezi kusema kufungwa huko peke yake ndiko kuliwarudisha ndege, mvua na kina cha maji navyo vina sauti yao. Lakini Naivasha inatuonyesha jambo moja wazi: furukombe akikosa chakula hafi kwanza. Anaacha kwanza kuzaa.

Sasa tuseme namna ya kuhesabu, sababu hapa ndipo watu wengi wenye nia njema wanakosea.

Kwanza ni kuijua ratiba ya ndege. Jike anataga yai moja mpaka matatu, mara nyingi mawili. Anayalalia siku 42 hadi 45, dume akimsaidia. Kifaranga akitoka anakaa kwenye kiota karibu siku 65 mpaka 75 ndipo anaruka. Baada ya hapo bado anawategemea wazazi wiki kadhaa, anajifunza kushika samaki. Ukijumlisha, kutoka yai la kwanza mpaka mtoto kuruka ni karibu miezi minne. Na huku karibu na ikweta wanaweza kutaga mwezi wowote, ingawa mara nyingi ni kiangazi. Kwa hiyo mtu anayetembelea kiota mara moja kwa mwaka hajui kitu. Angalau mara tatu: mara ya kwanza kuona kama jozi iko na kiota kimetengenezwa, ya pili kuona kama jike amelala juu ya mayai, ya tatu wakati kifaranga amekomaa manyoya, karibu kuruka. Ukiweza kupita kila wiki mbili, ni bora zaidi.

Pili, kuandika maneno yenye maana moja. “Kiota kiko na ndege” siyo sawa na “kiota kiko na mayai”, na hiyo nayo siyo sawa na “kiota kimefaulu”. Kiota kinahesabiwa kimefaulu pale kifaranga anapofikia umri wa kuruka, au anapokuwa ameukaribia sana. Tuchukue mfano wa kufikiri tu. Kutoka Makobola mpaka Kavimvira tuseme umepata jozi 10. Kati yao 6 zimetaga, 4 zimeangua, 3 zimetoa mtoto mmoja mmoja aliyeruka. Ukigawa 3 kwa 10, unapata 0.3 kwa kila jozi. Ukigawa 3 kwa 6, unapata 0.5. Namba zote mbili ni za kweli, lakini zinasema mambo mawili tofauti. Ukiandika moja mwaka huu na nyingine mwaka ujao bila kueleza, utatangaza redioni kwamba furukombe wamepona, kumbe umebadilisha tu namna ya kugawa.

Tatu ni kosa lililojificha, na ndilo linadanganya kuliko yote. Kiota chenye kifaranga mkubwa ni rahisi kukiona: kuna kelele, kuna wazazi wanaleta samaki, kuna uchafu mweupe chini ya mti. Kiota kilichopoteza mayai wiki ya kwanza kimenyamaza, hukioni. Kama umeanza kutafuta viota wakati vifaranga wamekwisha kuwa wakubwa, utahesabu waliofaulu na kuwaacha walioanguka. Ni sawa na shule inayotangaza kwamba watoto wote wamefaulu mtihani wa mwisho, bila kuhesabu wale walioacha masomo mwezi wa pili. Dawa yake ni kuanza mapema, kuorodhesha jozi zote kabla hazijataga, na kuzifuata zile zile mpaka mwisho, hata zile zinazochosha kwa sababu hazifanyi chochote.

Nne, usipande mti. Broley alipanda, ndiyo, lakini alikuwa na pete za kuvisha na alijua anachofanya. Kwa kuhesabu tu, darubini inatosha, ukiwa mbali. Jike akitishwa akaondoka, mayai yanapata baridi au jua kali, na kunguru hangoji kualikwa. Mtu anayesumbua kiota ili ajue kama kimefaulu anaweza kuwa yeye ndiye sababu ya kushindwa kwake.

Na umri wa ndege una msaada. Mtoto wa furukombe ana madoadoa ya kahawia; kichwa kinakuwa cheupe kabisa baada ya miaka minne au mitano hivi. Kwa hiyo hata mvuvi asiyejua kiota kiko wapi anaweza kutoa habari ya maana: wiki hii nimeona wangapi wenye kichwa cheupe, wangapi wenye madoa? Wakiwa weupe watupu mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, hapo kuna neno.

Watu watauliza: kazi hii si ya wataalamu? Kule Madagaska kuna ndugu mwingine wa furukombe, aliye adimu sana. Duniani kote zimebaki jozi mia na kitu. Kundi muhimu linaishi kwenye maziwa matatu ya Manambolomaty, magharibi ya kisiwa, katikati ya wavuvi Wasakalava. Katika miaka ya 1990 wavuvi wageni walimiminika pale, miti ikakatwa kwa ajili ya mitumbwi na ya kukausha samaki, miti ile ile ya viota. Shirika la Peregrine Fund, lililokuwa likifuatilia viota hivyo, halikuleta askari. Lilikaa na wenyeji, na wenyeji wakaunda asosiasyo mbili za kusimamia maziwa na msitu, wakitumia dina, yaani sheria zao za kienyeji: nani anavua, lini, kwa nyavu gani, mti gani haukatwi. Mwaka 1998 maziwa hayo yaliingia kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu muhimu duniani. Mimi naona hapo kuna jambo la kujifunza kwetu kuliko Florida. Wale wavuvi hawakukubali juu ya upendo wa tai. Walikubali juu ya samaki wao. Tai alikuwa ndani ya hesabu hiyo hiyo.

Furukombe wetu hayuko karibu kwisha. Barani Afrika bado ni wengi. Lakini Januari 2024 watafiti Phil Shaw na Darcy Ogada pamoja na wenzao walichapisha hesabu ya aina 42 za ndege wala-nyama wa Afrika, wakakuta aina 37 zimepungua. Na hata aliyepona anaweza kurudi nyuma. Kipanga wa Morisi alibaki na ndege 4 tu wanaojulikana porini mwaka 1974, akafikishwa kwenye mamia kwa kazi ngumu ya Carl Jones na timu yake. Mwaka 2014 alirudishwa kwenye daraja la walio hatarini. Kama kazi ya kufuatilia viota ingekuwa imeachwa siku ya kusherehekea, nani angejua?

Huku upande wa kaskazini wa ziwa letu, mambo matatu ndiyo ya kuangaliwa. La kwanza ni mti. Furukombe anahitaji mti mrefu, imara, karibu na maji, na mti huo huo ndio mtu wa makala anautafuta. Maji yalipopanda 2020 na 2021, na tena 2024, yakaingia majumbani Kalundu, Kilomoni na Kavimvira, miti ya ufukweni nayo ilisimama ndani ya maji. Mti uliokufa unampa ndege mahali pa kukaa kwa miaka michache, kiisha unaanguka na kiota chake. La pili ni samaki wa kando. Mukeke na ndakala ni wa katikati ya ziwa, lakini furukombe anakula zaidi karibu na ufukwe, pale pale ambapo nyavu za kukokota na vyandarua vya mbu vinazoa mpaka vitoto vya samaki. La tatu ni maji ya bonde yanayoshuka na Ruzizi.

Mlango wa Ruzizi wenyewe uko upande wa Burundi, ndani ya hifadhi ya Rusizi, ambayo nayo iko kwenye orodha ya Ramsar tangu 2002. Ndege hajui mpaka. Jozi inaweza kulala Burundi na kuvua Kongo, na hesabu ya upande mmoja bila mwingine inabaki nusu.

Atakayetaka kuanza hahitaji vitu vingi: kaye yenye mistari, biki, darubini kama inapatikana, na saa. Kila mti wenye kiota upewe namba, si jina la mwenye shamba. Kila ukurasa uwe na tarehe, saa, mtu aliyetazama, ndege wangapi, weupe au wenye madoa, wanafanya nini. Ukienda usione kitu, andika pia kwamba hukuona kitu. Ukurasa mtupu na “hakuna” ni mambo mawili tofauti. Mahali pa kiota usipatangaze hovyo, si kwenye WhatsApp wala redioni kwetu, sababu wapo wenye kuwinda vifaranga. Na kabla ya yote, mjulishe shefu wa kartie na watu wa usalama wa majini. Mtu mwenye darubini na kaye kando ya mpaka, anayeandika saa za mitumbwi kupita au anayeonekana kuandika hivyo, ataulizwa maswali, na ni heri aulizwe akiwa na karatasi iliyotiwa sahihi mfukoni. Mji unacho pia Kituo cha Utafiti wa Hydrobiolojia, CRH-Uvira, kinachochunguza ziwa hili tangu miaka mingi. Kaye iliyojazwa vizuri miaka mitatu mfululizo ni kitu cha kwenda kubisha nacho hodi pale.

Miaka mitatu ndiyo kidogo kabisa. Mwaka mmoja unaweza kuwa wa mvua mbaya, wa pili jozi nyingi zimepumzika. Wa tatu ndio unaanza kuona mstari unakwenda wapi.